Kuacha planingi ukiwa na miaka 40 na kitu: bamama wanaacha juu ya nini?

Hapa Bukavu uliza mama wa miaka 45 kama anafanya planingi (kupanga uzazi), atakucheka kwanza. "Miye? Nizale tena wapi, si niko na bajukuu!" Ukiuliza damu ya mwezi je, atakujibu inakuja ikipenda, inaruka miezi miwili mitatu, basi kwake yeye uzazi umeshaisha.

Hapo njo penye shida. Kukoma hedhi ni miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi wanafika huko kati ya miaka 45 na 55, ila kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ambayo mayai yanatoka ovyo ovyo, mwezi huu hakuna, mwezi ujao liko, na hilo moja linatosha kabisa. Kweli baada ya 40 kushika mimba kunapungua sana, lakini bado kunawezekana, njo unakuta mama na binti yake wana mimba mwaka mmoja, na mama ameishi miezi mine akisema ni umri tu.

Wengine bwana iko Kamituga mu zahabu, anarudi mara moja moja, sasa kidonge cha kila siku cha nini (na bwana mwenyewe akirudi hapigi hodi ya wiki mbili mbele). Wengine ni haya, kupanga foleni na basichana wa rika ya binti yake, halafu muganga anauliza kwa sauti "mama na wewe bado?" Hiyo peke yake inafukuza watu. Kuna waliovurugwa na sindano ya planingi, kuna wa dini, na kuna aliyeolewa upya anayetaka mtoto, huyo tumuache.

Halafu presha. Kidonge cha homoni mbili hakifai mwenye presha ya juu, sasa mama akikatazwa hicho anaelewa amekatazwa vyote, kumbe kitanzi cha shaba, kile kinawekwa ndani ya kizazi, hakina homoni hata kidogo, na kikiwekwa ukiwa umeshafika 40 kwa kawaida kinaweza kubaki paka hedhi ikome.

Kuacha ni lini basi? Damu ikikoma kabla ya miaka 50 ungoja miaka 2, ikikoma baada ya 50 ungoja mwaka 1. Ila kama uko kwenye sindano ao implanti (kijiti cha chini ya ngozi ya mkono) usihesabu hivyo, juu zenyewe zinaweza kukata damu, uliza muganga kwanza.