Kigae si kisukuku

*Dhana: Kila cha kale kinachofukuliwa ardhini ni kisukuku.*

Kigae cha sahani ya Kichina si kisukuku, wala ubao wa merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1697. Hivyo ni kazi ya mkono wa binadamu. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyekuwa hai: mfupa, jino, gamba, hata unyayo.

*Dhana: Visukuku viko Turkana. Mombasa tuna bahari tu.*

Hii hunichekesha, maana asemaye huwa ameegemea ukuta wa mawe ya matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa baharini. Kisiwa chenyewe cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojengeka yapata miaka 125,000 iliyopita, maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko leo. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walitumia mawe ya matumbawe. Palipobanduka lipu, sogeza jicho: utaona vijishimo vya matumbawe, na pengine kombe. Ukivuka kwenda bara, upande wa Miritini, mna amoniti, jamaa za pweza na ngisi zilizokuwa na gamba la kujiviringa. Ni za kipindi cha Jurasiki, kilichokwisha miaka milioni 145 iliyopita. Lakini usiwatafute dinosaria hapo, palikuwa bahari.

*Dhana: Umri wote hupimwa kwa kaboni.*

Kipimo cha kaboni, kinachotazama kaboni iliyobaki katika mabaki ya kiumbe, huishia kwenye miaka 50,000 hivi. Yule mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, ana miaka 78,000. Kilichopimwa ni udongo: chembe zake mara ya mwisho ziliona jua lini. Meno ndiyo yaliyosaidia kumweka katika Homo sapiens, yaani spishi yetu sisi, kwa umbo lake.

*Dhana: Jina la kisayansi likishatolewa, limetolewa.*

Fuvu KNM-ER 1470, alilolipata Bernard Ngeneo mwaka 1972 huko Koobi Fora, kaskazini mwa Kenya, wengi waliliweka katika Homo habilis, spishi ya kale ya jamaa zetu. Baadaye likapewa spishi yake, Homo rudolfensis, na mjadala haujaisha. Namba ya fuvu ndiyo haiguswi. KNM ni makumbusho ya taifa ya Kenya, ER ni mashariki ya Ziwa Rudolf. Ziwa lenyewe siku hizi laitwa Turkana, lakini fuvu bado lina herufi za jina la zamani.