Kushuka Marekani kwa mara ya kwanza: tunayoambiana na yalivyo

Mama mdogo alipokuwa anajiandaa kuja Marekani, kila aliyempigia simu alimpa ushauri, na mwingi haukuwa wa kweli. Tangu hapo, ndugu yeyote anayekuja namwomba tukae kwenye simu tuyapitie haya kabla hajafunga begi.

"Nina viza, basi nimeshaingia." Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Anayesema karibu ni ofisa wa pale dirishani uwanja wa ndege, na ana mamlaka ya kukurudisha ulikotoka. Atauliza umekuja kufanya nini, utafikia wapi, utakaa kwa muda gani, na nani anagharamia. Jibu kwa kifupi, na jibu ukweli uleule uliousema ubalozini. Anwani ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi, maana laini ya nyumbani huenda isishike mtandao. Na mwenye viza ya matembezi akisema "nikipata kibarua nitafanya", safari yake inaweza kuishia hapo hapo.

"Viza yangu inaisha mwakani, kwa hiyo nakaa mpaka mwakani." Hapana. Tarehe iliyo kwenye viza ni ya mwisho wa kuitumia kuingilia. Siku za kukaa hutolewa na ofisa, na huandikwa kwenye kumbukumbu iitwayo I-94. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi 6, hata kama viza yake ni ya miaka kadhaa. Tangu 2013 wanaoshuka kwa ndege hawapewi tena kikaratasi cha I-94. Ipo kwenye tovuti ya CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Ifungue siku ya kwanza tu, usome tarehe, uangalie kama jina na namba ya pasipoti viko sawa. Tafadhali usiliache hili. Ukipitisha tarehe hiyo, hata viza yenyewe inakufa.

"Mizigo nitaikuta mwisho wa safari." Tuseme unatoka Dar es Salaam kwenda Columbus kupitia Doha na Chicago. Ukaguzi wote unafanyika Chicago, kwa kuwa ndipo unapogusa Marekani kwanza, na kwa kawaida mabegi unayachukua hapo, unapita nayo forodhani, kisha unayakabidhi tena. Saa moja ya kuunganisha ndege haitoshi. Hata anayepita tu kwenda Mexico anahitaji viza, kwa sababu viwanja vya Marekani havina sehemu ya abiria wa kimataifa kusubiri bila kuingia nchini.

"Usiseme una chakula, watakunyang'anya." Ushauri huu ni mbaya kuliko yote. Ukitaja ulichobeba, hata kikichukuliwa hutozwi kitu. Ukificha, faini yaweza kuanzia dola 300. Nyama usibebe kabisa, wala matunda mabichi. Majani ya chai, kahawa iliyokaangwa na viungo vya unga kwa kawaida hupita. Hata usipopewa fomu ya kujaza, jibu lako la mdomo ndilo tamko lako.

Kwenye mkanda wa mizigo huzunguka mbwa wadogo wa aina ya beagle, kazi iliyoanzia Los Angeles mwaka 1984. Hawabweki. Mbwa akinusa tunda anakaa kitako kando ya begi, basi. Alikaa kando ya mkoba wa mama mdogo, ulio na embe dodo 2 zilizoviringishwa kwenye kanga. Alikuwa ameshazitaja dirishani. Embe zilichukuliwa, kanga akarudishiwa ikiwa bado inanukia, akaambiwa aende.

"Ukizidisha dola 10,000 zinataifishwa." Hakuna kikomo cha fedha, sharti ni kuziandikisha zikizidi hapo. Familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla, hivyo kugawana bahasha hakusaidii.

"Bila kadi ya njano huingii." Marekani haidai chanjo ya homa ya manjano. Ibebe tu kwa ajili ya nchi unazopitia.

"Kiingereza kikikwama wanakurudisha." Kutojua Kiingereza si kosa. Hatari ni kuitikia "yes" kwa swali ambalo hukulielewa, kwa sababu jibu hilo linaandikwa. Una haki ya kuomba mkalimani, na anaweza kupatikana hata kwa simu. Tamka neno moja tu, "Swahili", kisha subiri.