Je, wajua kwa nini jeti ya plastiki yenye vipimo sahihi bado huonekana ya kuchezea?

Chukua MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti iliyoanza kuruka miaka ya 1950. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ina mita 7.15. Gawanya kwa 72, kipimo kinachotumika sana kwenye modeli, yaani ndege ndogo za plastiki za kuunga mwenyewe, unapata milimita 99: upana wote wa mabawa unakaa kwenye kiganja. Kiwanda kimeshafanya hesabu hiyo kwa kila kipande kilichomo kwenye boksi. Lakini wape vijana wawili wa Mbeya seti ileile, kila mmoja aunge yake. Ya mmoja utainama kuitazama kwa muda mrefu, ukitafuta rubani yuko wapi. Ya mwenzake utampa mtoto akachezee uwanjani. Vipimo ni vilevile, plastiki ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwenye vitu ambavyo havikubali kugawanywa. Ukigawa kwa 72, urefu unapungua, upana unapungua, lakini vumbi la Mbeya halipungui. Unene wa rangi haupungui. Mwanga wa chumbani kwako haujui kwamba unamulika ndege ndogo. Kazi ya anayeunga modeli ni kuvipunguza kwa mkono vile ambavyo kiwanda kilishindwa kuvipunguza, na hapo ndipo utamu wote wa kazi hii ulipo.

Kwanza hiyo 72 yenyewe. Ni namba inayoshangaza kwetu tuliozoea mita, kwa sababu ilizaliwa Uingereza kwenye inchi na futi. Inchi moja ya modeli inasimama badala ya futi sita za ndege halisi, na futi sita zina inchi 72. Futi sita pia ni kimo cha mwanamume mrefu, kwa hiyo rubani anakuwa na urefu wa inchi moja. Ukubwa huo ulianza kuzoeleka miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi ya Uingereza na Marekani yakatumia modeli za kipimo hicho kufundishia askari kutambua ndege angani, ipi ya adui na ipi ya kwao. Baada ya vita, Airfix ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa 1939, ikaufanya ukubwa huo uenee duniani. Ukubwa mwingine unaopendwa, 1/48, una mantiki hiyohiyo: robo inchi kwa futi moja. Tamiya, iliyoanza 1946 kama biashara ya mbao huko Shizuoka, Japani, ni miongoni mwa kampuni zinazosifika kwa ukubwa huo.

Nimeichagua MiG-21 kwa makusudi. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na kwetu si ndege ngeni: katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilikuwa nazo na jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo. F-7 ya China, ambayo JWTZ pia limeitumia, ilitokana na hiyohiyo. Mtanzania anayetaka kuunga jeti yake ya kwanza ningemshauri aanze na hii kabla ya kukimbilia F-16. Atakuwa anaunga kipande cha historia ya nchi yake, na umbo lake ni rahisi: bomba moja, mabawa ya pembetatu, mkia.

Sasa tuanze na unene. Vipande vya modeli vimetengenezwa kwa polistirini, plastiki ngumu inayoyeyushwa kwa moto kisha kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki hiyo ikipitishwa mahali pembamba mno hupoa na kuganda kabla haijafika mwisho, kwa hiyo kiwanda hulazimika kuacha unene wa nusu milimita au zaidi. Sasa fanya hesabu kinyume. Nusu milimita mara 72 ni sentimita 3.6. Bati la alumini linalofunika ndege halisi lina milimita moja au mbili tu. Ukingo wa nyuma wa bawa la MiG-21 ni mwembamba kabisa, maana bawa lenyewe lina unene wa karibu asilimia 5 tu ya upana wake kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye modeli ukingo huo umekuwa butu. Jicho halijui namba hizi, lakini linaona mara moja kwamba bawa la namna hiyo haliwezi kupasua hewa.

Dawa yake ni msasa. Kabla hujaunganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya bawa, zilaze juu ya msasa namba 400 uliolowa maji, upande wa ndani ukitazama msasa, uzisugue taratibu kwenye ukingo wa nyuma. Usiguse upande wa nje wenye michoro. Malizia na namba 1000. Misasa hii ya maji inapatikana kwenye maduka ya rangi za magari, hata pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu mafundi wa kupiga rangi magari huitumia kila siku.

Mrija mrefu unaochomoza mbele ya pua ya MiG-21, ule unaopima kasi ya hewa, una tabu hiyohiyo. Kwenye seti mara nyingi una unene wa milimita moja. Ukirudisha kwenye ukubwa halisi ni nguzo ya sentimita 7. Tena huvunjika kabla ndege haijaisha. Wazoefu huukata na kuweka sindano ya hospitali mahali pake. Nunua mpya duka la dawa, saga ncha kwa tupa isichome mtu, kisha toboa tundu dogo puani na uipachike. Ni kipande kidogo kabisa, lakini ndicho kinachobadilisha ndege yote, kwa sababu jicho huanzia puani.

Michoro ya mabati ndiyo inayoumiza zaidi. Kwenye ndege halisi, bati na bati hupakana kwa nafasi ya milimita moja hadi tatu. Kwenye modeli, mfereji unaochorwa kuonyesha mpaka huo huwa na milimita 0.2 hivi, na hiyo mara 72 ni zaidi ya milimita 14. Ndege ya namna hiyo ungeweza kuingiza kidole kati ya bati na bati! Ndiyo maana mtu anayejaza mifereji hiyo rangi nyeusi ya kukolea anaiharibu ndege yake akidhani anaipendezesha. Tumia kijivu kinachozidi kidogo tu rangi ya bati, ipitishe, kisha futa. Mfereji uonekane ukiutafuta, usikupigie kelele.

Gundi nayo ina siri yake. Gundi ya modeli haishiki plastiki kama gundi ya karatasi inavyoshika karatasi. Inayeyusha uso wa polistirini pande zote mbili, nyuzi za plastiki za upande huu zinachanganyikana na za upande ule, halafu kiyeyusho kinapaa hewani na kuacha kipande kimoja. Ndiyo maana ikizidi inakula michoro, na ikidondoka mahali pabaya haifutiki. Juni na Julai, baridi ya Mbeya, Mafinga au Njombe inafanya kiyeyusho kipae polepole, kwa hiyo acha kiungo kikae usiku mzima kabla ya kukipiga msasa. Supa gluu ni kitu kingine kabisa: huganda kwa unyevu wa hewa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani. Kioo kibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

Hapa niseme jambo la usalama, na nalisema kwa uzito. Nyanda za juu tunaishi na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Mvuke wa thina na wa gundi hizi ni mzito kuliko hewa: unashuka chini, unatambaa sakafuni, unalifikia jiko. Unaweza kuwaka ukiwa bado umeinama mezani. Na mkaa wenyewe kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Ukitaka kugundisha au kupiga rangi, jiko litoke nje, dirisha lifunguliwe, uvae koti.

Rangi ikipigwa kwa brashi bila kuchanganywa vizuri hukauka ikiwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Mara 72, hiyo ni milimita 7 za rangi juu ya ndege. Misumari ya ribiti inafunikwa, kingo zinakuwa za mviringo, ndege inaonekana imevalishwa nguo. Wenye kompresa na bunduki ndogo ya kupulizia wana nafuu kubwa, lakini brashi inatosha kabisa ukipunguza rangi kwa thina yake na kupaka tabaka nyepesi kadhaa, kila moja ikisubiri ya kwanza ikauke.

Vumbi nalo. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo huleta vumbi jekundu hadi ndani ya kabati. Chembe ya sehemu ya kumi ya milimita iliyonasa kwenye rangi mbichi inakuwa, kwa macho ya yule rubani wa inchi moja, punje ya mahindi iliyogandishwa bawani. Nyunyizia sakafu maji kabla ya kupiga rangi, subiri vumbi litulie, na ukimaliza tu funika ndege kwa boksi safi.

Halafu rangi yenyewe kama rangi, na hapa watu hugombana. Utasikia kwamba ukipata rangi ileile iliyopakwa kwenye ndege halisi, ukaipaka kwenye modeli, itaonekana imekolea mno, kwa hiyo uongeze nyeupe kidogo. Sababu inayotolewa mara nyingi ni hewa. Panda barabara ya Chunya hadi pale juu unapoliona bonde la Usangu: miti ya karibu ni ya kijani, ya mbali inapauka na kuelekea buluu, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga. Modeli ya 1/72 ukiishika sentimita 30 kutoka usoni ni sawa na kuitazama ndege halisi ukiwa umbali wa mita 21.6, kwa hiyo, wanasema, lazima ipauke.

Wanaopinga wana hoja. Mita 21 za hewa safi hazipaushi kitu. Ukisimama umbali huo kutoka kwenye ndege pale uwanja wa Songwe, huoni ukungu wowote kati yako nayo. Kwa maoni yangu ushauri wa kuongeza nyeupe ni sahihi, ila sababu yake ya kweli ni mwanga. Ndege halisi tunaiona juani, na jua la mchana linafika lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Chumba chenye taa nzuri kina mia chache tu. Mwanga ukipungua kiasi hicho, rangi hupoteza uchangamfu, na kijani cha jeshi kinaelekea weusi. Jaribu mwenyewe: paka kipande cha plastiki kilichobaki, kitazame nje saa sita mchana, kisha kiingize ndani ukiweke kwenye kabati utakakoweka ndege. Kile unachokiona kabatini ndicho cha kurekebisha. Ongeza nyeupe tone kwa tone, au kijivu chepesi kama rangi inaanza kuonekana ya pipi.

Mwisho kuna uzito, ambao hesabu yake ni ya ajabu kuliko zote. Urefu unagawanywa kwa 72, lakini uzito unagawanywa kwa 72 mara 72 mara 72, yaani 373,248. MiG-21 iliyojazwa mafuta, yenye tani 8 hivi, ingekuwa na gramu 21 tu. Shida haiko kwenye wingi wa uzito, iko kwenye mahali ulipo. Wahandisi walipanga magurudumu wakijua injini iko wapi, mafuta yako wapi, mizinga na rada viko wapi. Modeli ndani ni tupu, na plastiki yake nyingi iko nyuma, kwenye mabawa na mkia. Ukiisimamisha inakalia mkia, pua juu, na hakuna rangi wala msasa utakaoficha hilo.

Kwa hiyo kabla ya kufunga nusu mbili za mwili, jaza uzito mbele, ndani ya koni ya puani na chini ya kiti cha rubani. Wavuvi wa Kyela hutumia chubwi za madini ya risasi kwenye ndoano, na zinafaa, ila risasi ni sumu: nawa mikono, mtoto asiziguse, na usizibandike kwa gundi nyeupe kwa sababu huliwa polepole na kuvimba. Nati ndogo za chuma ni salama zaidi. Funga mwili kwa muda na karatasi ya gundi, bandika mabawa na mkia vilevile, kisha ulaze ndege juu ya penseli mahali magurudumu makubwa yatakapokaa. Pua ikishuka yenyewe, ongeza nati moja zaidi kabla ya kufunga, maana rangi na stika za mkiani zitaongeza uzito nyuma, na ukishagundisha hakuna njia ya kurudi ndani.