Tauni haikuua Wharram Percy

Tena! Picha ya Wharram Percy, mahame ya kijiji cha kale huko Yorkshire, Uingereza, ikipandishwa mtandaoni, wa kwanza kuandika chini yake atasema: "Tauni ilimaliza kijiji kizima." Jamani.

Tauni ilifika huko 1349. Mwaka 1368 nyumba kama 30 zilikuwa bado na watu. Kaya za mwisho zilifukuzwa mnamo 1500, kabaila akitaka malisho ya kondoo. Ugonjwa gani huo wa kuua kwa miaka 150? Mkono wake upo, ila kwa mbali: watu walipopungua nchini, vibarua wakawa ghali na nafaka ikashuka bei. Plau ya maksai inataka watu. Kundi la kondoo linataka mchungaji na mbwa wake.

Kinachoniudhi zaidi ni hili la kusema watu wa pale waliishi "vibanda vya maskini". Na kosa hili tulilizaa sisi wanaakiolojia, wachimbaji wa mambo ya kale. Wenzetu Beresford na Hurst walichimba pale kila kiangazi, 1950 hadi 1990, wakifunua kiwanja kizima badala ya kukata mitaro. Walikuta misingi ya mawe ya chaki, ukuta juu ya ukuta, kila mmoja umeenda upande kidogo kuliko wa chini yake. Wakaamua: nyumba dhaifu, ikijengwa upya kila kizazi. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Stuart Wrathmell akaigeuza hoja: paa halikubebwa na kuta. Lilikalia jozi za magogo yaliyopinda, yameegemeana kileleni. Ukuta ulikuwa wa kuzuia upepo tu. Chaki hunywa maji, barafu huipasua. Unabomoa upande mmoja, unajenga tena, paa halitikisiki.

Mimi namwamini Wrathmell. Lakini tuseme kweli: magogo yenyewe hayapo. Tunayakisia kwa mawe yaliyokalia, na mara nyingine jiwe la nguzo na jiwe lililojiangukia tu hufanana kama mapacha.

Ukienda, nenda jua likiwa chini na majani yakiwa mafupi. Tuta fupi lenye kona ni ukuta. Mfereji mpana uliolika ni njia. Matuta marefu yaliyopangana sambamba si nyumba, ni shamba la zamani, msiyahesabu!

Na kanisa la Mtakatifu Martin, eti "lilikimbiwa ghafla"? Watu wa kijiji jirani cha Thixendale walisali humo hadi walipopata lao 1870. Mnara umebaki nusu kwa sababu uliporomoka 1959.