Amplifaya ya Nguvu kwa Mpiga Gitaa: Wati, Omu na Sauti Safi

Umeme unaotoka kwenye pikapu za gitaa, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ni mdogo mno. Mara nyingi haufiki hata volti moja, na peke yake hauwezi kuitikisa spika. Ili usikike ukumbini unapita hatua mbili. Kwanza unaingia kwenye priampu, ambayo inaukuza kiasi na kuupa tabia: besi iwe nzito au nyepesi, trebo ing'ae au itulie, sauti ikwaruze au ibaki safi. Kisha unaingia kwenye amplifaya ya nguvu. Kazi ya hii ya pili ni kupokea sauti iliyokwisha kutengenezwa na kuipa mkondo wa kutosha kuisukuma spika.

Kwenye amplifaya nyingi zilizozoeleka majukwaani, kama Fender Twin Reverb au Roland JC-120, hatua zote mbili zimo ndani ya boksi moja pamoja na spika zake, na mpigaji anaweza kuzeeka katika bendi bila kuhitaji kuzitofautisha. Siku hizi mambo yamebadilika. Wapigaji wengi wanabeba pedali ya priampu, au kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya mbalimbali, kama vile Line 6 Helix. Kifaa hicho kinaisuka sauti vizuri, lakini hakina nguvu ya kusukuma spika. Anayetaka kupiga kupitia kasha la spika lililosimama nyuma yake, alisikie gitaa lake mgongoni kama zamani, analazimika kununua amplifaya ya nguvu peke yake. Hapo ndipo anapokutana na namba ambazo hakuwahi kuzijali.

Namba ya kwanza ni wati, nayo ndiyo inayowapoteza watu wengi. Wati 100 hazina sauti mara mbili ya wati 50. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haimshtui mtu. Ili sauti isikike kama imekua mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 10 hadi wati 100.

Spika nayo ina neno lake, na mara nyingi ni zito kuliko la amplifaya. Celestion Vintage 30, spika ya inchi 12 inayopatikana kwenye makasha mengi, inatoa desibeli 100 ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Ndugu yake G12T-75 inatoa desibeli 97 kwa kipimo hichohicho. Tofauti hiyo ya desibeli 3 maana yake ni kwamba amplifaya ya wati 50 kwenye spika ya kwanza inakwenda sawa na ya wati 100 kwenye ya pili. Kwa hiyo anayelalamika kwamba amplifaya yake haitoshi aangalie kwanza spika aliyoiunganisha. Kubadilisha spika kunaweza kumpa kile alichokuwa anataka kukitafuta kwa fedha nyingi zaidi.

Jihadhari pia na wati zenyewe zilivyoandikwa. Namba ya kuamini ni ile ya nguvu endelevu, iliyotajwa pamoja na omu zake (ukinzani wa spika, nitaueleza mbele) na kiasi cha mkwaruzo kilichoruhusiwa wakati wa kupima. Wati za kilele zinahesabu kile ambacho mashine inaweza kukitoa kwa kufumba na kufumbua, na zile za PMPO zilizobandikwa kwenye maredio ya dukani hazina kipimo chochote kinachotambulika. Ukiona maelfu ya wati kwenye boksi linalobebeka kwa kidole, puuza namba hiyo.

Kama wati hazileti kelele kubwa kiasi hicho, basi za nini? Ni akiba. Kidole kinapogonga waya, mwanzo wa noti unaruka juu sana kuliko sauti inayofuata. Amplifaya isiyo na akiba inafika ukomo pale juu, inaukata mruko ule, na noti inatoka imekwaruza na kuwa bapa. Katika roki hilo linatafutwa kwa makusudi, na vali, ile mirija ya kioo inayokuza umeme ndani ya amplifaya za mtindo wa zamani, zikilemewa zinatoa mkwaruzo mtamu ambao watu wamejengea mtindo mzima. Lakini mpiga solo wa sebene, mpigaji wa benga, au yule wa rithim katika muziki wa dansi anaishi kwa noti zinazotengana. Zinakuja kwa kasi, zinajibizana na gitaa la pili, na kila moja lazima isikike imeanza wapi na kuishia wapi. Amplifaya ikianza kukata vilele, mazungumzo yale ya magitaa mawili yanageuka uji. Ndiyo maana nasema kwa uhakika: kwa muziki wetu wa gitaa safi, nunua nguvu zaidi ya unayodhani unaihitaji, halafu usiimalize.

Wapo wanaoshauri kwamba wati 20 zinatosha. Kwao ni kweli, kwa sababu wanataka amplifaya zao zikwaruze mapema. Kwa gitaa safi lililo karibu na drams, mimi ningeanzia wati 50 za vali, au kati ya 150 na 200 za transista (vipande vidogo vya kielektroniki vinavyofanya kazi ya vali) zikihesabiwa kwa omu za kasha litakalotumika.

Zile amplifaya za wati 100 zilizopangwa kama ukuta nyuma ya bendi za Uingereza zilikuwa na sababu yake. Mwaka 1965 Jim Marshall, aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, London, alitengeneza amplifaya za wati 100 baada ya Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya roki ya The Who kudai nguvu zaidi. Wakati huo mitambo ya ukumbi ilibeba hasa sauti za waimbaji. Gitaa lilitakiwa kuwafikia watu wa nyuma kwa nguvu zake lenyewe. Leo, ukumbi ukiwa na mixa na maikrofoni mbele ya kasha lako, kazi ya kuwafikia watu wa nyuma ni ya fundi mitambo. Wewe unahitaji kujisikia juu ya drams, na wenzako wakusikie. Kwenye harusi ya uwanjani ambako mixa ina njia chache na zote zimechukuliwa na waimbaji, hali inarudi kuwa ileile ya 1965, na hapo akiba inaliwa haraka.

Namba ya pili ni omu, na hii ndiyo inayounguza vifaa. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya mkondo. Chukua amplifaya ya transista iliyoandikwa wati 100 kwa omu 4. Ili kutoa nguvu hiyo inasukuma volti 20 na ampea 5. Iunganishe na kasha la omu 8: volti ni zilezile 20, lakini mkondo unashuka hadi ampea 2.5, na nguvu inakuwa wati 50. Kwenye kasha la omu 16 zinabaki wati 25. Mtu amenunua wati 100, nyumbani ana kasha la omu 16, kisha anashangaa robo tatu ya alicholipia imekwenda wapi. Hajaibiwa, ila hakusoma nyuma ya kasha.

Upande wa pili ni wa hatari. Makasha mawili ya omu 8 yaliyounganishwa sambamba, kama zinavyounganishwa tundu mbili za spika kwenye amplifaya nyingi, yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa 2. Amplifaya yetu ikikutana na omu 2 inadaiwa ampea 10, maradufu ya ilizoundiwa. Yenye ulinzi itajizima katikati ya wimbo. Isiyo na ulinzi itaungua. Kanuni ya transista ni kutoshuka chini ya omu za chini kabisa zilizoandikwa; kupanda juu hakuna madhara zaidi ya kupungua kwa nguvu.

Vali zina sheria nyingine. Kati ya vali na spika kuna transfoma, mara nyingi yenye tundu za omu 4, 8 na 16, na kila kasha linachomekwa kwenye tundu lake. Amplifaya ya vali isiwashwe na kupigwa bila spika hata dakika moja, kwa sababu nguvu isiyo na pa kwenda inairudia transfoma na kuitoboa. Tena vali zikiminywa hadi mwisho zinatoa nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa, wakati mwingine karibu maradufu. Kwa hiyo wati 50 za vali kwenye spika moja ya wati 25 ni njia ya uhakika ya kuiua spika hiyo.

Kuna tofauti nyingine kati ya vali na transista ambayo wapigaji wanaihisi vidoleni. Ukinzani wa spika haukai mahali pamoja. Kasha lililoandikwa omu 8 linaweza kupanda mara kadhaa zaidi kwenye besi za chini, pale spika inapopenda kutikisika yenyewe, na linapanda tena polepole kuelekea kwenye trebo. Amplifaya ya transista inaishika spika kwa nguvu na haijali mapando hayo, hivyo sauti inatoka ilivyoingia. Ya vali inaishika kwa ulegevu; pale ukinzani unapopanda, sauti inapanda nayo. Matokeo yake ni besi iliyoshiba na trebo yenye makali, na mpigaji anahisi gitaa "linamjibu". Ndiyo maana mtu anayehama kutoka vali kwenda amplifaya nyepesi ya transista husema sauti imekauka, hata kama wati zimeongezeka. Baadhi ya amplifaya za nguvu zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa zina vitufe vya kurudisha umbo hilo. Seymour Duncan PowerStage, kwa mfano, ina vitufe vya besi, kati na trebo. Amplifaya ya kawaida ya ukumbini haina vitu hivyo, lakini inafanya kazi, mradi uisawazishe sauti kwenye priampu yako ukiwa umesimama mbele ya kasha lenyewe.

Usidhani, hata hivyo, kwamba transista ni ya kujishikiza tu. JC-120 imeundwa kwa transista tangu 1975, na sauti yake safi bado inatafutwa. Kwa mpigaji wa noti zilizotengana, mshiko ule mkali wa spika ni faida. Tena kuna uzito: Twin Reverb inakaribia kilo 30, wakati amplifaya za Klasi D, aina nyepesi ya transista isiyopoteza umeme mwingi kama joto, zenye nguvu kama hiyo zinaingia kwenye begi la gitaa. Anayepanda daladala na vyombo vyake hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya kulipa, geuza mashine usome volti. Zilizoletwa kutoka Marekani mara nyingi zimeundwa kwa volti 120. Tanzania umeme ni 230 na Kenya ni 240. Ukizichomeka bila transfoma ya kushusha, zinaungua. Klasi D nyingi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, jambo linalosaidia pia pale jenereta inapoyumba, lakini hakikisha imeandikwa hivyo kwenye mashine.

Kwenye kuunganisha, tumia waya wa spika kati ya amplifaya na kasha. Waya wa gitaa una jeki ileile lakini nyuzi zake za ndani ni nyembamba, unapata moto, na ukikatika chini ya amplifaya ya vali ni sawa na kupiga bila spika. Na kama unatumia kifaa cha kidijitali, zima sehemu yake inayoiga kasha la spika kwenye njia inayokwenda kwenye amplifaya. Usipoizima, sauti inapita kwenye makasha mawili, la kuigwa na la kweli, na inatoka kama imefunikwa blanketi. Kwenye njia inayokwenda kwa fundi mitambo moja kwa moja, sehemu hiyo iache ikiwa imewashwa.

Dukani, ijaribu kwa gitaa lako na kasha lako ikiwezekana. Ipandishe hadi usawa wa drams, piga noti za juu kwa nguvu ukiwa umefungua sauti yote ya gitaa, na usikilize mwanzo wa kila noti. Ukisikia umekatwa, jaribu kwanza kasha lenye spika inayotoa desibeli zaidi, kisha ndiyo uulize bei ya amplifaya kubwa.