Kita za Ujerumani: yanayosemwa na wazazi, na yalivyo

Mzazi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi akifika Ujerumani, huulizia chekechea (huko huitwa Kita, kituo cha kulea watoto kabla ya shule) kwa maswali aliyoyazoea: wanafundisha kusoma? Wanatoa kazi za nyumbani? Hapo ndipo ushauri wa jamaa unapoanza kumiminika, na mwingi wake si sahihi.

«Nafasi ni haki ya mtoto, hakuna haraka.» Haki ipo kweli. Tangu tarehe 1 Agosti 2013, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kulelewa Kita au kwa mlezi aliyesajiliwa. Ila walezi ni wachache na foleni za mijini ni ndefu. Mwaka 2016, katika kesi ya akina mama watatu wa Leipzig, mahakama kuu ya shirikisho ilisema mji ukishindwa kutoa nafasi kwa uzembe wake, mzazi anaweza kudai fidia ya mshahara alioukosa. Ni vizuri kulijua hilo, lakini kesi haimlei mtoto Jumatatu asubuhi ukienda kazini. Jiandikishe mapema, sehemu kadhaa. Wenyeji wengi huanza wakiwa wajawazito. Ukiwa Berlin au Hamburg, omba pia vocha ya Kita, yaani hati ya serikali inayolipia nafasi ya mtoto.

«Kita ni bure.» Inategemea unakoishi. Hamburg, tangu Agosti 2014, saa tano kwa siku pamoja na chakula cha mchana hazilipiwi. Berlin ilifuta ada kwa umri wote Agosti 2018, ingawa wazazi huchangia chakula. Kwingineko kanuni hutofautiana kwa jimbo au manispaa, na ukihamia mji wa jirani bili inaweza kubadilika kabisa.

«Wanacheza tu, mtoto atabaki nyuma.» Hili ndilo linalowaumiza wengi, hasa wakisikia kwamba binamu wa mtoto, aliye PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) Kenya, tayari anaandika jina lake. Ujerumani shule huanza karibu na miaka sita, na kusoma ni kazi ya darasa la kwanza. Kabla ya hapo mtoto hujifunza kusubiri zamu, kuvaa koti mwenyewe, kukata kwa mkasi, kusimulia alichokiona, kugombana na kupatana. Si uvivu wa walezi. Mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alijenga wazo la chekechea juu ya mchezo tangu 1840 huko Bad Blankenburg. (Bibi akisikia kwenye simu kwamba mjukuu kashinda kwenye matope, tena mvua ikinyesha, jiandae kujieleza.)

«Ya Montessori ndiyo bora.» Jina hilo halilindwi na sheria, yeyote anaweza kuliandika langoni. Uliza walezi wamesomea nini.

«Nikimwacha akilia siku ya kwanza, atazoea.» Walezi wa Kita hawakubali hilo. Kita nyingi hufuata utaratibu wa Berlin: siku tatu za mwanzo mzazi hukaa humo humo na mtoto, bila kujaribu kutoka. Kwa kawaida siku ya nne huaga, akatoka kwa dakika chache. Mtoto akitulia kwa mlezi, muda huongezwa polepole. Asipotulia, mnarudi nyuma. Jambo zima huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo usimwahidi mwajiri kuanza kazi siku ile ile mtoto anapoanza Kita. Kwa maoni yangu, jinsi walezi wanavyolieleza jambo hili siku ya kutembelea inakuambia mengi kuliko rangi za ukutani.

«Acheni Kiswahili, mtachanganya mtoto.» Hapana. Kijerumani atakipata Kita, na Kiswahili atakikosa msipokizungumza ninyi. Akikaa kimya huko miezi ya mwanzo, mara nyingi anasikiliza na kukusanya maneno. Mkiona hata kwa Kiswahili hazungumzi, hapo mwoneni daktari.

«Chanjo ni hiari.» Surua siyo hiari. Tangu Machi 2020, mtoto wa mwaka mmoja na zaidi haanzi Kita bila ushahidi wa chanjo au wa kinga, au cheti cha daktari kwamba hawezi kuchanjwa. Kadi ya kliniki ya nyumbani mpelekee daktari wa watoto aikague mapema.

Na kabla hujaisifia Kita ya upande wa pili wa mji, ifuate kwa basi asubuhi ya Januari ukiwa na kigari cha mtoto. Uliza pia inafunga saa ngapi, na mlezi akiumwa huwa wanapunguza saa au la.