Zile rangi kwenye ubongo wa mbwa si picha ya neva

Juzi nimeiona tena: ubongo wa mbwa umejaa nyuzi nyekundu, kijani na buluu, na chini yake maneno "MRI yapiga picha neva za mbwa". Jamani, hapana.

Ile ni taswira ya tensa ya usambaaji. MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inapima maji yanavyojongea ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo, yaani matita ya nyuzi yanayounganisha eneo moja na jingine. Weupe wake ni wa mayelini, mafuta yanayozivika nyuzi hizo. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kinachowachanganya watu ni hiyo "tensa". Asili yake ni Kilatini, tendere, kunyoosha. Maana ya leo aliipa Woldemar Voigt, Mjerumani aliyekuwa akichunguza fuwele, mwaka 1898, mbwa hakuwamo. Ni hesabu ya kitu ambacho jibu lake hutegemea unakipimia upande gani. Mwagia maji fagio la chelewa lililolazwa: yanakimbia kufuata njiti, lakini kuvuka njiti hadi njiti yanasuasua. Ndani ya ubongo ni vivyo hivyo. Mwaka 1994 wanasayansi Basser, Mattiello na Le Bihan waliigeuza tabia hiyo kuwa namba sita kwa kila kijisehemu cha ubongo, ndiyo maana mashine hupima pande zisizopungua sita, na mbwa kwa kawaida hulazwa kwa dawa ya usingizi asije akatikisa hata sikio.

Nyuzi unazoziona zimechorwa na kompyuta baada ya hapo. Kijisehemu cha milimita moja au mbili kina nyuzi halisi maelfu kwa maelfu, na matita mawili yakipishana humo, kompyuta inabahatisha.

Na rangi? Kuna aliyenishikilia kwamba kijani ni ugonjwa. Rangi inaonyesha tu nyuzi zinaelekea wapi: nyekundu ni kushoto na kulia, kijani ni mbele na nyuma, buluu ni juu na chini. Shina la ubongo la binadamu limesimama, kwa hiyo njia ndefu za nyuzi zinazoteremka humo hutoka buluu. La mbwa limelala kama mgongo wake, basi njia zilezile hutoka kijani. Mbwa mzima kabisa.

Halafu neva, kwa lugha ya anatomia, ziko nje ya ubongo na uti wa mgongo. Ndani tunasema njia. Kwa hiyo ukiisambaza tena ile picha, andika tu "ramani ya njia za ubongo wa mbwa, iliyokisiwa kutokana na mwendo wa maji". Ni ndefu kidogo, najua.